Gramu Nane

4 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo, na wifi yangu hajambo, na wale watoto wasioijua sura ya shangazi yao hawajambo? Sisi tupo. Mama anakusalimu. Goti lake la kushoto linamsumbua asubuhi, likishapata jua linatulia. Shemeji yako bado anaendesha lori, wiki hii yuko safarini. Binti yangu mkubwa amefaulu mtihani. Wa pili amevunja kikombe cha Mama, kile chenye maua, na anaapa kwamba kimeanguka chenyewe. Nyumba tumeipaka chokaa upande wa mbele tu, kwa sababu chokaa iliisha.

Najua unashangaa kupata barua. Wiki iliyopita umenipigia simu mara tatu na sikupokea. Kwenye simu wewe una maneno matamu, na ukibanwa unasema mtandao mbaya. Barua haina mtandao. Utakaa chini uisome, halafu utashika kalamu unijibu.

Jumamosi nilitoa lile sanduku dogo la mbao la Baba chini ya kitanda cha Mama. Sikuwa nimeligusa tangu tumzike mwezi wa nane, sikuwa na moyo huo. Nimelitoa kwa sababu leseni ya kibanda chetu cha mizani ilikuwa kwa jina lake, na mwaka huu ofisi ya soko inataka iwe kwa jina langu. Sharti lao ni moja: fundi mizani alete kilo yake ya kulinganishia, ile anayopimia mawe yote ya mizani za wauzaji, ikaguliwe, apigiwe muhuri. Mwisho ni tarehe thelathini Aprili. Nikasema hilo nalo ni sharti? Nani katika soko zima haijui kilo ya shaba ya Baba, mzee Sawasawa?

Nikafungua. Tundu la kilo ni tupu. Kuna kitambaa cha bluu, kuna cheti chake cha zamani kimekunjwa mara nne, na kipande cha waya wa shaba kilichosokotwa kama pete, takataka tu. Kilo haipo. Ulichukua mali, takataka ukaniachia.

Usianze kuniuliza kama nimetafuta vizuri. Chumba kile ulilala wewe, siku nne, baada ya mazishi. Mama hawezi kuinama. Shemeji yako hajui hata sanduku linafunguliwa wapi. Mimi, niliyeisugua kilo ile kila Jumamosi tangu nina miaka saba, hata siku Baba aliponinyang'anya kitambaa na kusema "umekua, basi, nitaisugua mwenyewe," sikuibeba nikatoka nayo. Hakuniambia nimekosea nini, na mpaka leo inaniuma, lakini sikuibeba.

Nataka jibu, na nataka kilo.

Dada yako.


2 Machi

Dada yangu mpenzi,

Barua yako imezungukazunguka, ilipitia ofisi yetu ya zamani, ndiyo maana nachelewa. Naomba radhi. Huku sote wazima. Mke wangu amebadilishiwa zamu, sasa anatoka saa tisa, kwa hiyo angalau tunakula pamoja. Mkubwa ameota meno mawili ya mbele makubwa kama ya sungura na hataki kucheka. Mdogo amekuwa na kikohozi lakini kimepungua. Mwambie Mama ajipake ile dawa niliyomtumia, asiitunze kabatini kama mapambo. Mpongeze mpwa wangu kwa mtihani.

Kazi inaendelea. Jana tulikuwa kiwandani tukifunga mizani ambayo lori linapanda lote, na dereva wake ndani, na namba inatokea nyekundu ukutani kabla hata hajazima injini. Hakuna sahani, hakuna jiwe, hakuna fundi wa kukunja uso na kufumba jicho moja. Nilimfikiria Baba. Angesimama pale siku nzima akitafuta mahali sindano ilipofichwa.

Kuhusu ile kilo, Dada, kweli unataka kuumiza kichwa kwa kitu cha zamani namna ile? Hata wauzaji wadogo sasa wana mizani za betri. Mawe yanakwisha, wewe mwenyewe unaona. Nimekutumia mizani mpya ya dijitali kwa basi la Alhamisi, imo kwenye katoni, kila kitu kimo. Weka kibandani, watu waione. Nitakufundisha kuzitengeneza kwa simu, si kazi ngumu, na unaweza kuwa wakala wetu upande huo. Waambie ofisi kwamba unaanza kitu kipya. Hawawezi kukukatalia.

Msalimie shemeji.

Mdogo wako.


11 Machi

Mdogo wangu,

Salamu tumezipata. Goti la Mama vilevile. Shemeji yako alirudi na homa, akalala siku mbili, sasa anakula. Yule wa pili amekiri kuhusu kikombe. Amekiri mwenyewe, bila kupigwa, ana miaka saba. Nakuambia ili ujue kwamba inawezekana.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta neno moja, "sikuichukua." Halipo. Kuna sungura, kuna lori, kuna dawa ya goti. Unajitia hamnazo. Usinichezee shere, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni.

Katoni imefika. Iko juu ya kabati, haijafunguliwa, Mama anaweka miwani yake juu yake.

Na unanieleza habari za dunia kubadilika kana kwamba naishi pangoni. Mimi ndiye ninayekaa katikati ya hayo mabadiliko, wewe unayauza tu. Kushoto kwangu alikuwa fundi saa. Sasa anabandika vioo vya simu, na ile miwani yake ya jicho moja anaazima watu watolee miba. Kulia alikuwepo mama mpiga chapa, aliyeandika maombi ya kazi ya mtaa mzima, mashine yake ikigonga tangu asubuhi mpaka tunafunga. Leo mashine ile iko chini ya meza anaegemezea mguu, na juu ya meza anauza soksi. Pasi ya mkaa ya Mama inazuia mlango wa bafu usijifunge. Nayaona yote hayo. Sijasema dunia isimame, nimesema urudishe kilo.

Tena usinidanganye kwamba mizani zako hazihitaji jiwe. Mwenye duka la nafaka alinunua moja kama hizo. Baada ya miezi miwili ikaanza kusema uongo, akaniletea mimi. Nilijuaje kwamba inasema uongo? Niliweka juu yake jiwe la chuma ambalo Baba alililinganisha na ile kilo ya shaba. Kwa hiyo hata namba yako nyekundu, ikitaka kujua ukweli, inakuja kuuliza kwa Baba.

Unakumbuka alivyokuwa akilinganisha? Mlango amefunga, dirisha amefunga, anasema upepo unayumbisha sahani. Hata mimi sikuruhusiwa kuingia. Tulikuwa tunakaa nje, mimi na wewe na mwenye jiwe, tunasubiri. Halafu tunasikia, "Sawasawa!" na mlango unafunguliwa. Watu walimpa jina kwa sababu ya neno hilo. Hawakuwa wakimtania.

Kilo mpya za shaba haziuzwi tena. Lile duka lililokuwa linauza sasa linauza mapazia, nimekwenda, nimeuliza, wamenicheka. Ipo moja tu na unayo wewe. Au umeipeleka kwa wauza vyuma chakavu? Sema.

Dada yako.


9 Aprili

Mdogo wangu,

Wazima. Mama mzima. Tarehe thelathini iko wiki tatu mbele.

Nimeandika fupi ili usipate pa kujificha. Iko wapi?

Dada yako.


27 Aprili

Dada,

Watoto wazima, kikohozi kimekwisha. Mke wangu anakusalimu. Yeye hajui tunaandikiana nini na nakuomba usimwambie.

Iko kwangu. Haijauzwa, haijapotea. Iko kwenye droo, ndani ya soksi.

Sirudishi. Naomba usiniulize kwa nini. Ninajua unavyoniona sasa hivi, na ninajua maneno unayosema jikoni, kwa sababu ni yale uliyokuwa ukiniambia nilipokuwa nakunywa maziwa ya chai kwa siri. Yaseme tu. Lakini safari hii nisikilize mimi. Achana na kibanda. Achana na mawe. Fungua ile katoni. Yapo mambo ambayo mtu akiyajua hawezi tena kuyaacha, na mimi nimeamua nibaki nayo peke yangu.

Mdogo wako.


6 Mei

Wewe,

Sina salamu. Mama amesema nikusalimu, basi umesalimiwa.

Barua yako imenikuta tarehe nne, wakati mambo yameshakwisha. Nikueleze yalivyokuwa. Tarehe thelathini nilivaa gauni langu la kijani, nikachukua jiwe la chuma lililo bora kuliko yote, nikaenda. Yule karani tunamwita Bwana Muhuri, kwa sababu anatembea nao mfukoni hata akienda msalani. Akalishika jiwe, akaligeuza, akaniambia, "Hili ni la kazi. Nataka la kulinganishia. Ile shaba ya mzee iko wapi?" Nyuma yangu kuna watu kumi na wawili kwenye foleni, wote wananijua. Nikasema, "Iko safarini." Akasema, "Kilo inasafiri?" Watu wakacheka. Ningeweza kusema pale pale, mdogo wangu ni mwizi. Neno lilifika mdomoni. Nikalimeza, na mpaka leo sijui kwa nini.

Siku tatu baadaye kibanda kikapewa bwana mmoja anayeuza vifuniko vya simu. Nimehamisha vitu kwa lori la shemeji yako: meza, ile mizani kubwa ya mkono, mawe, jiko la kuyeyushia risasi ya kujazia mawe. Sasa viko barazani, kuku wamelala kwenye sahani. Yule bwana amepaka rangi ya waridi juu ya neno MIZANI ambalo Baba aliliandika kwa mkono wake. Ukisimama upande unaliona bado.

Hayo ningeyavumilia. Kisichovumilika ni hiki: sokoni sasa wanasema mzee Sawasawa hakuwa na kilo halali, ndiyo maana binti yake ameshindwa kuionyesha. Wanasema labda haikuwepo tangu zamani. Muuza vitunguu, ambaye Baba alimtengenezea mizani kabla hajaota ndevu, amenitazama usoni na kuniuliza, "Dada, kwani tulikuwa tunapimiwa nini miaka yote ile?"

Baba yako amekufa na jina moja, na umelitia kwenye soksi.

Uliloamua kubaki nalo, baki nalo. Mimi sina mdogo. Ukija, utakuja kwa Mama.


30 Mei

Dada,

Umesema huna mdogo, lakini sina mtu mwingine wa kumwandikia hili, kwa hiyo nivumilie mara moja.

Nililiona lile sanduku siku ya tatu baada ya mazishi. Nilitaka kitu cha Baba. Wewe una meza yake, una kazi yake, watu wanakuita Binti Sawasawa. Mimi nilipewa shati lenye kola iliyochakaa. Nikaitia kilo kwenye begi na nikajiambia nitakuomba baadaye, kwa simu, ukishapoa. Huo ni wizi, sikatai.

Jumatatu nikaenda nayo kazini. Tuna mashine ndani ya kioo, inapima hata unywele. Nikawaita wenzangu wote, nikawaambia, njooni mwone kilo ya kweli, siyo hizi za kwenu, hii imelisha soko zima miaka arobaini. Nilikuwa najidai, Dada. Nikaiweka. Namba ikasimama kwenye mia tisa tisini na mbili. Nikaitoa, nikaipangusa, nikairudisha. Mia tisa tisini na mbili. Mmoja wao akanipiga begani akasema, "Mzee wako alikuwa anaijua biashara." Wakacheka. Nikacheka nao. Nilicheka, Dada, na hilo sijisamehe.

Gramu nane pungufu. Kila jiwe la soko lile lililinganishwa na ile. Kila mtu aliyenunua kilo ya mchele, ya misumari, ya sukari ya mtoto, alipunjwa, na kumbe huko nyuma ya mlango uliofungwa Baba anasema sawasawa. Sasa unaelewa kwa nini alikuwa akifunga mlango.

Na ndiye huyo aliyenipiga kibao. Unakumbuka? Nilikuwa na miaka tisa. Niliegemeza kidole gumba kwenye sahani, kwa mchezo tu, mteja mwenyewe hakuona. Alinipiga mbele ya soko zima, sikio likalia mpaka jioni, akasema, "Kwangu hapalali mwizi." Nimeishi na neno lile. Nimekataa vitu vingi kazini kwangu kwa sababu ya neno lile, vitu ambavyo wenzangu wamejengea nyumba. Halafu ndiye yeye.

Ningekurudishia, ungeipeleka kwa huyo Bwana Muhuri umeshika kichwa juu, wangeipima mbele ya foleni, na ungeyajua pale, umesimama na gauni lako la kijani. Nikaona bora unichukie mimi.

Lakini nisijifanye malaika. Sehemu kubwa ni hasira. Nimekasirika naye hata jina lake silitaji. Nikiamka ninayo, nikifunga mizani za watu ninayo. Na huyo mtu hapigiwi simu wala haandikiwi barua.

Ukitaka nikutumie, nitakutumia. Sasa unajua.

Mdogo wako, ukinikubali.


14 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako niliichana siku niliyoipata, kesho yake nikaiunganisha kwa gundi. Ndiyo maana nimechelewa. Sote wazima. Shemeji yako anauliza umetufanya nini, maana siku tano sikumsemesha mtu.

Kwanza nilikasirika kwamba umemwita Baba mwizi. Halafu nikakasirika zaidi kwa sababu nilianza kuamini. Nikamwendea Mama jikoni na vipande vyangu mkononi, nikamsomea yote, kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyeandika. Alikuwa anachambua mchele. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Gramu nane?" Nikasema nane. Akauliza, "Na ule waya wake mmeuweka wapi?"

Waya nilikuwa nimeutupa kwenye kopo la misumari.

Nimeufukua. Halafu nimeishusha katoni yako. Ndiyo, nimeifungua, furahi. Nimeweka betri, nimesubiri zile sifuri zitulie, nimeweka ile pete ya waya juu yake. Nane. Nikainyanyua, nikaifuta jasho la mkono wangu, nikairudisha. Nane, mdogo wangu. Mizani yako mwenyewe ndiyo imesema. Nikatoa cheti, kile kilichokunjwa mara nne. Kimeandikwa kwa mkono wa mkaguzi wa siku zile: "Kilo moja ya shaba, pamoja na waya wake." Nimekisoma mara ngapi! Nilidhani ni waya wa kufungia sanduku.

Haya, sasa kaa chini. Shaba haipungui yenyewe.

Kila Jumamosi, tangu miaka saba mpaka kumi na saba, nani aliyekuwa akiisugua? Nilianza na majivu na ndimu, kama alivyonionyesha. Ikang'aa, akanisifu mbele ya wateja, "Mtazameni binti yangu." Basi nikazidisha. Majivu yakawa hayanitoshi, nikachekecha mchanga kwa kipande cha chandarua, nikasugua kwa mchanga. Nilitaka nione meno yangu ndani yake. Kitambaa kilikuwa kinatoka cheusi nami nikifurahi, nikidhani ni uchafu unatoka. Haukuwa uchafu, ilikuwa kilo. Miaka kumi niliila kidogokidogo, na nikipongezwa.

Mama anasema siku moja Baba alirudi kutoka kwa mkaguzi, akakaa mlangoni na viatu vyake, hakula. Akamwambia, "Ukimwambia mtoto, tutagombana mimi na wewe." Asubuhi yake ndiyo akaninyang'anya kitambaa. Umekua, basi. Miaka yote hii nimebeba kinyongo cha kitambaa kile, kumbe alikuwa ananificha mimi mwenyewe nisijione. Hakununua nyingine kwa sababu angeleta mpya ningeuliza ya zamani ina nini. Akasokota waya. Akafunga mlango kila alipolinganisha, ili nisiuone.

Kabla ya hapo mawe ya soko yalikuwa pungufu, hilo ni kweli, na ni kosa langu, wala si ujanja wa mtu. Lakini kumbuka mwaka ule. Miezi miwili alizunguka kukusanya mawe ya kila muuzaji, anasema ni matengenezo, hamtozi mtu. Akawa anachimbua lile tundu la chini ya kila jiwe na kuongeza risasi. Unajua nani alikuwa anapuliza lile jiko? Wewe. Ulikuwa unalia kwamba moshi unakuwasha macho. Mawe yote yale uliyarudisha sawa wewe na yeye, na wewe hukujua kwa nini. Na Mama anasema kibao chako ulipigwa ndani ya miezi hiyohiyo. Mchana huo alimkuta Baba nyuma ya nyumba, amekaa juu ya ndoo, anautazama mkono wake.

Nimekasirika na kila mtu. Nimekasirika na wewe kwa kuibeba kilo bila kuuliza, na kwa kumhukumu mwaka mzima huku umefunga mdomo, na kwa kicheko kile. Nimekasirika na Mama. Nilimuuliza kwa nini hakusema siku nilipofungua sanduku, akanijibu, "Hukuniuliza, uliingia unapiga kelele." Nimekasirika na Baba zaidi yenu nyote. Angeniambia! Nilikuwa na miaka kumi na saba, ningelia siku mbili, ningenyamaza, ningejua. Badala yake amenihurumia mpaka tumepoteza kibanda. Mpole namna ile naye anaudhi.

Nimekwenda kwa Bwana Muhuri na cheti. Amekisoma, amekuna kidevu, amesema Julai kuna vibanda viwili vya upande wa nyuma, karibu na jaa. Nilete kilo na waya, vyote kwa pamoja, wavipime. Haahidi. Kwa wauzaji je? Hao cheti hawakisomi. Muuza vitunguu bado ananiuliza lile swali lake kwa macho kila nikipita.

Kwa hiyo usiitume kwa basi. Utailete mwenyewe. Utasimama sokoni mbele ya yule wa vitunguu na wote waliocheka, kama ulivyowasimamisha wale wenzako kazini, na utaweka kilo kwenye sahani, na mimi nitaweka waya. Utasema ilikuwa wapi mwaka mzima. Mimi nitasema nani aliyeila. Halafu wataona mkono wa mizani umesimama wapi, na atakayetaka kucheka acheke.

Umesema uliipangusa mara moja kazini. Yatosha. Njiani itashika vumbi, itashika jasho, itashika alama za vidole vyako. Iache hivyohivyo. Ukitia hata kitambaa, nakuapia, sitakufungulia mlango.

Dada yako, aliyekula gramu nane.